Siku Nilipouchanja Mwiko wa Mama Mkwe

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini shemeji yangu Rashidi keshaitangaza Birmingham nzima, basi bora mnisikie mwenyewe, na hasira bado ninazo, asinicheke mtu.

Ilikuwa akika ya binti yangu, ukumbini mtaa wa Alum Rock, nikapewa kazi ya kuhesabu masinia ya biriani yanayotoka jikoni, sinia moja watu wanne, wageni wa nyuma wasije wakakosa. Rashidi akaniambia, "Andika kwenye simu, bwana." Nani, mimi? Mimi niliyejifunza juzi tu (kozi ya Kiingereza, nikajiona profesa) kwamba hilo neno lao tally, la kujumlisha, asili yake Kilatini, maana yake kijiti, kwa sababu wazee wao walihesabu kwa kuchanja kijiti, kitu kimoja chale moja, kisha wakakipasua kati, mdai na mdaiwa kila mtu na nusu yake, asidhulumiwe mtu! Nikamjibu, "Leo utaiona tally ya kweli." Sasa kijiti ukumbini nikitoe wapi? Nikaona mwiko mezani, nikachukua kisu, kila sinia likitoka nachanja mpini. Masinia ishirini na matatu, na wallahi sikukosea hata moja.

Mama mkwe akaja kuchukua mwiko wake. Akaupapasa mpini, akatoka nao hadi katikati ya wanawake wote, akauinua juu.

"Nani kanifanyia hivi?"

Rashidi, mshenzi yule, akaninyooshea kidole hata mate sijameza.

"Mama, hiyo ni tally," nikasema (nikikumbuka nataka kujizaba makofi), "Waingereza wa zamani walikuwa..."

"Waingereza walimzaa mama yangu?" Akaukumbatia mwiko. "Marehemu mama kanipa mwiko huu nilipoolewa Unguja, nimekuja nao huku nimeuviringisha kanga. Leo nilikuwa nimkabidhi mkeo, mbele ya watu."

Akauviringisha tena, akautia mkobani, akaenda zake bila kula.

Mjinga mimi! Simu ilikuwa mfukoni! Nimekoma, siku hizi nikiulizwa wageni wangapi nasema wengi, alhamdulillahi. Na mke wangu husonga ugali kwa mwiko wa plastiki tulionunua dukani Kings Heath, na kila ukipinda sufuriani, hausemeshi mwiko, ananitazama mimi.