Wiki Tatu Bila Kugusa Sabuni

Shangazi yangu ni dobi, tena ni mtu asiyeambilika. Nayataja yote mawili mwanzoni kwa sababu safari yake ya kwanza ya Ulaya nusura iharibiwe na la kwanza, na mimi na yeye nusura tukosane kabisa kwa sababu ya la pili.

Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, ambacho watu wengine wangekifanya sebule. Kuna karo la saruji, ndoo nne ambazo ole wako uzichanganye, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi mbili, moja ya umeme na moja ya mkaa ya siku umeme unapokatika. Amefulia watu humo kwa miaka thelathini na moja. Baba yangu, mdogo wake, alipofariki, nilikuwa na miaka sita. Shangazi akanichukua akanilea pamoja na binti yake wa pekee, ambaye mimi namwita dada. Sote wawili tulisomeshwa na mashuka ya watu. Dada alisoma sana, akapata kazi Ulaya, akaolewa huko huko. Mimi nilisoma kiasi, nikaishia kwenye duka la fotokopi mtaa wa pili, ambako najaza fomu za watu, nawapiga picha za pasipoti na kuwakataza kutabasamu.

Dada alipata ujauzito. Zikiwa zimebaki wiki kumi ajifungue, alipiga simu mchana, Shangazi akiwa amezama kwenye povu hadi viwiko, ikabidi nimshikie simu sikioni.

"Mama, uje," dada alisema. "Siyo kuja kumwona mtoto. Uje kabla. Mwenzangu anafanya kazi za zamu na mimi naogopa."

Dada si mtu wa kuogopa. Utotoni alikuwa anaua nyoka. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, povu likimdondoka mikononi, akaniambia, "Nijazie fomu."

Nimejaza fomu za mamia ya watu, lakini sijapata kuona mteja msumbufu kama yule.

"Kazi?"

"Dobi."

"Mwajiri?"

"Ninao wengi."

"Wanataka jina moja, Shangazi."

"Basi andika Mwenyezi Mungu."

Nikaandika amejiajiri.

"Lengo la safari?"

"Kumshika mwanangu mkono."

Nikaandika kutembelea familia. Nikaambatanisha barua ya mwaliko, bima, cheti cha kuzaliwa cha dada na picha ambayo Shangazi amekunja uso kama mtu aliyerudishiwa shati lenye doa. Kila kitu kilikamilika ndani ya wiki moja. Nilijisikia fundi kwelikweli.

Wiki iliyofuata, kwenye ofisi ya maombi ya viza, tulikaa kwenye viti vya plastiki mpaka namba yetu ikaitwa. Karani, kijana mpole mwenye miwani, alipokea karatasi zote bila kutia neno, kisha akamwomba Shangazi aweke vidole vinne juu ya kioo chenye mwanga wa kijani. Mashine ikalia. Akamwambia agandamize. Shangazi akagandamiza kama anayenyoosha suruali ya jinzi. Mashine ikalia tena. Wakafuta kioo, wakafuta vidole, wakajaribu mkono wa kushoto, wakajaribu kimoja kimoja.

"Mama," karani alisema mwishowe, "vidole vyako havina alama."

"Havina alama vipi?" Shangazi akaja juu. "Hii hapa ni alama ya pasi. Hii pasi. Na hii ni mafuta ya moto."

Msimamizi wake akaja, akaugeuza mkono wa Shangazi juu chini, akauliza anafanya kazi gani. Alipojibiwa, akatikisa kichwa kwa upole. Ile mistari midogo ya kwenye ncha za vidole, ambayo kila mtu huzaliwa nayo, ilikuwa imelika kwa sabuni, dawa ya madoa na joto. Lakini hurudi, alituambia, mikono ikipumzika. Akatupa tarehe nyingine baada ya wiki tatu. Asiguse sabuni, asiguse maji ya moto, ajipake mafuta ya mgando asubuhi na jioni.

Nikapiga hesabu palepale. Wiki tatu za kupumzisha mikono, hadi wiki tatu nyingine za kusubiri jibu, siku chache za kutafuta tiketi. Angefika kwa dada zikiwa zimebaki siku kumi hivi. Mashine ikimkataa mara ya pili, ya tatu haingekuwapo. Dada angejifungua akiwa na nesi asiyemjua jina.

"Wiki tatu," Shangazi alisema tulipotoka nje. "Na nguo za watu?"

"Nitafua mimi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akacheka hadi akashika ukuta.

Basi tukaanza. Asubuhi nilifua, mchana nilikwenda dukani kwangu. Shangazi alivaa glavu nyeupe za pamba, ndani zimejaa mafuta, akakaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha kazi kama bibi harusi aliyesahauliwa. Kukaa alikaa, ila kunyamaza alishindwa. Maji hayo machache. Hiyo kola unaisugua au unaibembeleza? Usikamue hivyo, hilo shati siyo kuku. Siku ya kwanza nilitia wanga mwingi kwenye mashati ya mwalimu wa hesabu, mteja wetu wa zamani, yakatoka magumu kama mbao. Mwalimu alikuja kuyachukua, akalisimamisha moja juu ya meza, nalo likasimama. "Hili linaweza kwenda kufundisha lenyewe," alisema. Shangazi hakucheka. Alijifunika uso na glavu zake.

Kila Jumapili tulimjaribu kwenye simu yangu, inayofunguka kwa kidole gumba. Nilikuwa nikijivunia simu ile. Naiwasha ili imsajili, Shangazi anaweka kidole, simu inatikisika na kuandika jaribu tena. Jumapili ya kwanza, jaribu tena. Jumapili ya pili, jaribu tena. "Nayo inajifanya ofisi," alisema, akanisukumia.

Siku mbili baadaye nilirudi kutoka dukani mapema kuliko kawaida, nikamkuta ameinama kwenye karo. Glavu zilikuwa zimekunjwa vizuri juu ya meza. Maji yalikuwa yanafuka moshi.

"Nilikuwa napima joto tu," alisema.

Kwenye kamba kulikuwa na mashuka sita yanadondosha maji.

Nilipandwa na hasira ambazo sijawahi kumwonyesha mtu, sembuse yeye. Nilimwambia ni mkaidi, ni mbinafsi, anayapenda mashuka ya watu kuliko mwanawe. Niliyasema hayo nikiwa nimesimama na yeye ameinama, jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka naona haya.

"Mikono hii ndiyo iliyokulisha," alisema polepole.

"Na ndiyo inayokuzuia usiende!"

Akajifuta, akavaa glavu moja, akashindwa kuvaa ya pili kwa sababu vidole vilikuwa vinateleza. Sikumsaidia. Chakula cha jioni kilipikwa, kikaliwa, vyombo nikaviosha, hakuna aliyeuliza kitu.

Kesho yake asubuhi nilipoingia chumba cha kazi nilimkuta kwenye kiti chake. Alikuwa amevaa koti la safari, koti zito la mtumba lenye manyoya kwenye kola tulilomnunulia kwa ajili ya baridi ya huko, na joto siku hiyo lilikuwa la kukausha jinzi kwa saa moja. Mikono ilikuwa ndani ya mifuko, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, jasho linamtiririka.

"Nimeifungia," alisema. "Nikitaka kuitoa, lazima nijiulize kwanza."

Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Nikapiga magoti mbele ya kiti nikamwomba radhi, naye akaniambia niinuke, sakafu ina maji.

"Mwanangu," alisema, "hukuelewa. Sikufua kwa sababu sitaki kwenda. Tangu nina miaka ishirini na tatu, nikiamka najua mikono yangu inakwenda wapi. Sasa nikiamka najisikia kama mgeni nyumbani kwangu. Na nikikaa bure nawaza. Nawaza dada yako anaogopa, na mimi nipo hapa nimejipaka mafuta."

Kuanzia siku ile alinifundisha kwa dhati, bila kejeli. Kejeli kidogo. Nikajua jinsi ya kusikiliza joto la pasi kwa tone la mate, jinsi ya kunusa nguo kabla ya kuiloweka, kwa nini shati jeupe huanikwa likiwa limegeuzwa ndani nje. Koti alilivaa kila asubuhi. Wateja walizoea. Na Jumapili ya tatu aliweka kidole gumba juu ya simu yangu, ikatikisika, akarudia, ikatikisika, mara ya tatu ikakikubali. Tulipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani kafa.

Karani mwenye miwani alikuwa yuleyule. Shangazi alivua glavu taratibu, akaweka vidole vinne kwenye kile kioo cha mwanga wa kijani. Mashine haikulia. Kwenye skrini vikatokea vidole vinne vikubwa vya kijivu, vimejaa mistari, mizunguko na vijia, hapa na pale kuna kovu. Karani akaigeuza skrini ili Shangazi aone alama zake.

Shangazi alizitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ninazo," alisema.

"Unazo, mama. Usizipoteze tena, uwanja wa ndege wa kule wataziangalia."

Kwa hiyo likizo ya mikono ikaendelea. Viza ilitoka siku ya kumi na nne. Tukanunua tiketi, tukaazima begi la magurudumu kwa mwalimu, tukalipanga na kulipangua. Zikiwa zimebaki siku mbili asafiri, Shangazi alikuja chumba cha kazi na mfuko kutoka duka la watoto. Ndani mlikuwa na nguo ndogo saba, kofia mbili na soksi zinazoenea kwenye kidole changu. Mtoto mchanga havishwi nguo ya dukani kabla haijafuliwa. Hilo kwake halina mjadala. Alizipanga moja moja juu ya blanketi la meza, akazilaza mikono vizuri. Kisha akairudisha mikono yake mifukoni.

"Nifulie," aliniambia.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo. Nilifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, nikisugua kwa ncha za vidole tu, naye amesimama nyuma yangu na koti lake, anapumua. Hakunisahihisha hata mara moja. Nilipogeuka nilimwona analia, na kwa kuwa mikono ilikuwa mifukoni, nilimfuta mimi kwa mkono wangu wenye povu, akalalamika kwamba namwingiza sabuni machoni.

Alipofika alipiga simu. Mashine ya kule ilimpokea kwa mara ya kwanza tu, hata yule askari wa mpakani hakuinua kichwa. "Nilimtolea vidole vyote kumi," alisema, "yeye akataka vinne." Nyuma yake dada alikuwa anacheka, na nilijua kwa kicheko kile kwamba haogopi tena. Kisha Shangazi akaniambia kwamba amezinusa nguo za mtoto na kwamba nilisuuza mara mbili badala ya tatu, hivyo amezirudia. Kwenye sinki. Kwa mkono. Mashine ya kufulia ipo, ameifanya meza ya kuwekea sabuni.

Mimi niliendelea na wateja wake. Siku ya nane baada ya hapo, asubuhi, nikiwa nimeshughulika na mashuka, simu ililia mezani. Ujumbe wa Shangazi: amezaliwa, wa kike, mama yake mzima, nilimshika mkono mwanzo mpaka mwisho, fungua uone picha.

Nilijifuta mikono kwenye aproni, nikaweka kidole gumba. Simu ikatikisika. Jaribu tena. Nikakifuta vizuri zaidi, nikakipuliza, nikaweka tena. Jaribu tena. Nikakiinua kidole kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cheupe, laini, hakina kitu.

Wiki saba tu za kufua, mimi. Nilikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa nikalia kwa sauti, na nilipomaliza nikafungua simu kwa namba.