Bukavu ya Mwaka Elfu Mbili

Mwaka jana nilirudi Bukavu kwa arusi ya binti wa mdogo wangu, na kabla ya kwenda kanisani nikaomba gari lipitie Bagira, mtaa nilikokulia. Nilitaka tu kuona kama ile sale ya parokia, ukumbi wetu wa mikutano, bado ipo. Ipo. Paa wamelibadilisha na madirisha yametiwa nondo, lakini lile jukwaa la mbao, kimo cha goti la mtu mzima, halijahama. Vijana wa kwaya walikuwa wanapanga viti. Nikaketi nyuma, nikisema napumzisha miguu, na mara nikawa mtoto tena, mabawa ya karatasi yananikwaruza shingoni.

Ngoja nikueleze habari ya mabawa hayo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nyumba za Bagira zilikuwa mpya, kuta zinanuka chokaa, na kila familia ilikuwa na kipande cha shamba nyuma ambapo mama zetu walipanda maharage na mihogo ya kuchuma sombe, yaani majani yake. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukafunika mteremko wote, na lori lililowachukua wanaume kwenda kazini mjini ulilisikia muda mrefu kabla ya kuliona. Papa alikuwa kalani, mtu wa kuandika, katika ofisi moja kule chini. Aliondoka na shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa, akarudi nalo jeupe vilevile, na hilo lilikuwa jambo la fahari nyumbani kwetu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchagua maharage na kufagia uwanja, nywele zinanuka moshi wa mikaratusi. Jioni tulikula bugali na sombe, na mama akipata, ndakala, dagaa kavu za Uvira zilizopanda barabara ya Kamanyola ndani ya magunia. Sambaza, hawa samaki unaowaona leo katika kila sahani ya Bukavu, walikuwa bado hawajaletwa ziwani kwetu.

Ule mwaka wa mabawa Warusi walikuwa wamerusha angani chuma chao cha kuizunguka dunia, na watu hawakuwa na habari nyingine. Papa alisikia ofisini, akatuletea. Mapadri waliitaja katika mahubiri. Ghafla kila mtu akawa anazungumza juu ya mwaka elfu mbili, kama unavyozungumza juu ya mgeni aliyekwisha kutuma salamu kwamba yuko njiani. Mwalimu wetu akaamua kwamba siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi na wazungu waalikwa, wasichana wa darasa letu watacheza teatri: Bukavu ya mwaka elfu mbili.

Mwalimu alikuwa binti wa Kishi, kabila la mama yangu, aliyelelewa na masista, mwembamba, anayecheka kwa kuficha meno. Tulimpenda mpaka tukaiga mwendo wake. Majuma mengi tuliokota karatasi za fedha ndani ya pakiti za sigara zilizotupwa, tukazinyoosha kwa ukucha, na yeye akazigandisha kwa gundi ya unga wa mihogo juu ya makartoni. Zikatoka kofia, zikatoka taa, ikatoka motokari ya kuruka. Katika teatri ile Bwana na Bibi, Wazungu wa mwaka huo, walikaa katika nyumba iliyoelea angani juu ya ziwa. Bibi alibonyeza kidude, maji ya moto yakajaa bafuni. Bwana alipanda motokari yake akaenda Ubelgiji na kurudi kahawa yake haijapoa.

Kahawa hiyo niliileta mimi. Nilikuwa boyi, mtumishi wa nyumbani, wa mwaka elfu mbili. Nilichaguliwa kwa sababu niliweza kutembea na plato, sinia ya vikombe, bila kumwaga, na kwa kuwa hata katika nyumba ile ya angani jiko lilikuwa nje, nyuma ya nyumba, mwalimu alinitengenezea mabawa ya kufikia mezani. Sikuwahi kupewa kitu kizuri kama hicho. Nililala nikiyawaza.

Jioni moja nilikuwa najizoeza uwanjani, sahani tupu mkononi, nainama: "Ndiyo, Bwana. Mara moja, Bwana." Papa alikuwa ananawa mikono. Akaacha.

"Ni nini ile unasema?"

"Ni maneno yangu ya teatri, Papa. Mimi niko boyi wa mwaka elfu mbili."

"Elfu mbili?" Maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni. "Na bado boyi?"

Mama akasema kutoka mlangoni, "Ni muchezo ya batoto. Kuya ukule, bugali inapoa."

"Hapana. Mu ile mwaka huyu atakuwa muzee, na bajukuu. Na bado anabeba plato ya Bazungu?" Hakupandisha sauti. Papa hakupandisha sauti kamwe. Lakini hakula, na mimi nikaelewa kwamba mabawa yangu yako hatarini.

Kesho yake hakupanda lori. Alinishika mkono tukaenda shuleni pamoja, yeye na shati lake jeupe, mimi machozi karibu. Tulimkuta mwalimu anafuta ubao. Papa alimsalimia kwa heshima zote, akavua kofia, kisha akasema anaomba kuonana na masista walioandika ile teatri, kwa sababu ana neno.

Mwalimu alikishika kile kitambaa cha kufutia. "Papa, si bamasista. Ni mimi naliandika."

"Wewe?"

"Mimi. Masera mukubwa wa bamasista alisoma tu, akasema ni muzuri." Alitazama chini. "Naliwaza sana, Papa. Naliwaza nyumba ya muzuri kabisa, ya kesho. Na kila mara nikifungua mulango yake, naona Bwana na Bibi ndani. Sikuona mutu mwengine."

Nilidhani Papa atamkaripia. Badala yake uso wake ulilegea, kama mtu aliyesikia habari ya msiba katika familia anayoijua. Alikaa kwenye dawati letu, magoti yamepanda juu.

"Tunaweza kubadilisha?" akauliza.

"Nikibadilisha, Masera atauliza sababu. Nitamujibu nini? Atafunga teatri, na batoto balitengeneza vitu vyote hivi."

Papa alitazama motokari ya kartoni iliyokuwa dirishani, inang'aa. Mwishowe akasema, "Acha icheze. Lakini mutoto yangu asiseme 'Ndiyo, Bwana'. Alete kahawa, anyamaze." Mwalimu akakubali. Wakapeana mikono kama watu waliofanya biashara ambayo hakuna aliyeifurahia.

Siku ilifika. Katika ile sale ya parokia Wazungu walikaa viti vya mbele, wazazi kwenye mabenchi, na wengine wamesimama madirishani. Koko, mama yake mama, alikuwa ameshuka kutoka kilimani kwake Walungu na lori la soko, na kibuyu chake cha mashanza, maziwa ya mgando, amekipakata. Hakuwa amewahi kuona teatri. Bibi alibonyeza kidude, watu wakapiga makofi. Bwana, ambaye alikuwa binti wa jirani yetu, alienda Ubelgiji akarudi. Nikaingia na mabawa yangu, plato mikononi, kimya. Nikasimama kando ya meza kama nilivyofundishwa, na Bwana akaanza hotuba yake ndefu juu ya maendeleo.

Ndipo sauti ya Koko ikatoka nyuma, kwa Kimashi, lugha ya kabila lake, wazi kabisa: "Jamani, mtoto yule amesimama hivyo mpaka lini? Mpeni kiti!"

Alikuwa na huruma tu, hakuwa na lingine. Na mimi, ambaye tangu kuzaliwa sikuwahi kukataa neno la Koko, nikavuta kiti kitupu nikaketi mezani. Binti wa jirani alinitazama akiwa amekodoa macho. Maneno yalikuwa yamemtoka kichwani. Akafanya kile ambacho mama yake alimfundisha kufanya mgeni akiketi: akachukua birika, akanimiminia kahawa, akanipa kwa mikono miwili.

Mabenchi yakalipuka. Kina mama walipiga vigelegele, wanaume walipigapiga mbao. Viti vya mbele havikucheka, ila Masera mukubwa, aliyetabasamu kwa adabu kama mtu asiyeelewa mzaha wa wenyeji. Pazia lilipotikisika nilimwona mwalimu nyuma yake, mikono yote miwili mdomoni. Sikujua kama analia au anacheka. Mwaka uliofuata siku ya kufunga shule ilikuwa ya nyimbo za kanisa tu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Papa amenibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo. Alikuwa na furaha, na furaha ikamfanya aseme. Akatueleza mwaka elfu mbili wake mwenyewe: tutakaa karibu na ziwa, tutakuwa na friji na gramafoni, kaka zangu watakuwa wakubwa wa ofisi. "Na wewe," akaniambia, "utaolewa na mukubwa wa ofisi. Utakuwa na boyi wako."

Mama akasimama njiani akacheka. "Basi boyi bado iko!"

Papa naye akacheka, taratibu, akitikisa kichwa. Koko akasema yeye anachotaka ni maji yafike kilimani kwake, na ng'ombe wake wazidi.

Mwaka elfu mbili ulipokuja, nilikuwa muuguzi Kigoma, sikuwa mke wa mkubwa wa ofisi wala sikuwa na mtumishi. Bukavu ilikuwa katika vita, na habari za nyumbani nilizipata kwa watu wanaovuka ziwa Tanganyika. Wabelgiji walikuwa wameondoka zamani, mapema kuliko alivyowaza yeyote katika sale ile. Nimewahi kumcheka mwalimu, na kumcheka Papa, kwa kushindwa kuona kesho isiyo na boyi. Siku hizi siwacheki. Kila mmoja aliichora kesho kwa vitu alivyokuwa navyo machoni siku ile.

Lakini nilipokuwa nimeketi pale nyuma, vijana wakiburuta viti, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Koko alikuwa mzee tayari, hata hivyo alihesabu ng'ombe wake wa mwaka elfu mbili kama atakayewakamua mwenyewe. Papa alipanga nyumba ya ziwani, na mama yumo, na Koko yumo, na kaka zangu wote wawili wamo, hata yule mmoja wao tuliyemzika miaka michache baadaye. Mwalimu naye alituambia tutamwalika aje kuona motokari zikiruka. Katika Bukavu yote ile tuliyoiwaza, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amekufa.