Namba Yangu, Mizigo ya Watu

"Asante sana dada kwa kutubebea mizigo," aliniambia mama mmoja kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, hapa Hallonbergen, Uswidi. Namjua kwa sura tu. Nikamuuliza mizigo ipi. "Si ile ya kontena la Mombasa! Wakala katuambia safari hii yote inaingia kwa jina lako."

Uvumilivu wangu uliishia hapo hapo. Niliacha nguo zikizunguka kwenye mashine, nikambeba mwanangu hadi nyumbani, nikampigia wakala.

Mimi nauza vitenge. Siwezi kujaza kontena peke yangu, kwa hiyo nachangia na wengine, kama tunavyofanya wengi huku: wakala anakusanya mizigo, ndugu yake anapakia Mombasa. Zamani alikuwa anaandika "vitu vya nyumbani" kwa jina moja, yanaisha. Siku hizi haiwezekani. Kabla kontena halijapandishwa melini, forodha za Ulaya lazima zitumiwe taarifa ya usalama: kila mzigo ni wa nani, umetumwa na nani, ndani mna nini hasa. Mimi wangu niliueleza vizuri: vitenge vya pamba, basi. Lakini yeye kila mara aliniomba tena namba yangu ya uagizaji, ile niliyosajiliwa nayo forodha, eti imempotea. Namba inapoteaje ndani ya simu? Nilimtilia shaka tangu hapo.

"Kontena lina nini?" nikamuuliza.

"Vitu vya watu, dada yangu."

"Vitu gani?"

"Aa! Umeajiriwa forodha siku hizi?" Akacheka. "Wenzako hawana namba. Sisi si ndugu? Ulitaka waachwe?"

"Ndugu wenyewe hata siwajui! Mtu akificha madawa kwenye gunia la unga, ataitwa nani, wewe au mimi?"

"Una hofu ya bure, mama."

Mwanangu akaniuliza kwa Kiswidi mbona napiga kelele. Nikamjibu kwa Kiswahili: kuna mtu anataka kutufungia duka.

Hata yule mama wa kufulia nikaanza kumfikiria vibaya. Alitabasamu mno. Yeye anaagiza nini?

Kontena lilikuwa bado Mombasa. Nikilalamika, vitenge vyangu navyo vinakwama, na watu wataniita mchongezi. Waniite. Niliandika kwa Kiswidi, nikapeleka kwa kampuni ya meli na forodha:

"Nawasilisha malalamiko rasmi dhidi ya wakala wangu. Ametumia namba yangu bila idhini yangu kuandikisha forodhani mizigo ya watu nisiowajua. Mzigo wangu ni vitenge vya pamba peke yake. Naomba taarifa ya usalama aliyotuma ifutwe, na kontena lisipakiwe hadi kila mwenye mzigo aandikwe kwa jina lake na vitu vyake vitajwe kimoja kimoja. Kama vitenge vyangu vitabaki bandarini kwa sababu hiyo, vibaki."