Mstari Mweupe Mkononi

Sisi tuliokulia Mbita kabla simu hazijafika, hakuna aliyehitaji kutuuliza kama tumeenda ziwani. Mama alikuita jikoni, akakushika mkono, akakukwaruza kwa ukucha kutoka kiwiko hadi kiganjani. Mstari mweupe ukitokea kwenye ngozi iliyokaushwa na maji, basi ulikuwa umeoga ziwani, na fimbo ilikuwa tayari nyuma ya mlango. Tulijaribu kujipaka mafuta ya kupikia tuliyoiba. Mama alinusa tu, akacheka, kisha akachapa. Akimaliza kuchapa alitupaka mafuta ya mwili yeye mwenyewe.

Shule yetu ilikuwa ya mabati yenye matundu. Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe tukapaka sakafu, na Jumatatu kila mtu alikuja na mtungi wake wa maji, ole wako ukija mikono mitupu. Saa saba tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe pamoja na wadudu wachache ambao hakuna aliyewajali. Mpira wa kuchezea kati, mchezo wa kumlenga aliye katikati, tuliufunga wenyewe kwa karatasi za nailoni. Mwalimu wa Kiswahili naye alikuwa na wimbo mmoja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kaka yangu Ouma hakusikia. Alikuwa darasa la sita, mimi la nne. Jumamosi moja alienda kuogelea na wenzake karibu na gati, na hakurudi. Walimtoa majini kesho yake. Tangu hapo hata tukitoka kanisani mama alitukwaruza.

Sasa binti yangu Akinyi, mwenye miaka tisa, anasoma shule ya kimataifa nje kidogo ya mji wa Migori. Huko kila mtoto ana kompyuta yake, maktaba ina zulia na mito ya kuegemea, na wanafunzi hununa ati tambi zimepoa. Wanaandika insha kuhusu hisia zao. Sisi hisia zetu aliziuliza nani? Tena wana bwawa la kuogelea, na kuogelea ni somo, lina alama kwenye ripoti kama hisabati.

Fomu ya ruhusa sikuitia sahihi. Mama yangu, ambaye bado yuko Mbita, alikuwa ameniambia kwenye simu, "Ukimtia mtoto huyo majini, mimi simo." Kwa hiyo nikaiambia shule kwamba Akinyi ana masikio mabovu. Nilidanganya, ndiyo, na sikuona haya. Mihula miwili mtoto wangu alikaa kwenye benchi na viatu vyake, akiwashikia wenzake taulo. Kisha wiki jana, tukinywa chai, akaniambia bila hasira, "Mama, siku hizi wananiita Taulo." Kesho yake nikatia sahihi.

Leo nimeenda mwenyewe kusimama kwenye uzio wa bwawa. Kocha wao, kijana mwenye filimbi shingoni, akanisogelea. "Mathe, usijali. Maji inafika tu hapa," akasema, akionyesha kifua. Kifua chake yeye, si cha mtoto wangu.

Akinyi akaingia. Kichwa kikazama. Nikashika waya wa uzio nikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kofia yake nyekundu siioni. Tano. Hapo sikuwa tena Migori, nilikuwa ufuoni Mbita, mama akiita jina la Ouma hadi sauti ikamkauka. Kisha kofia ikaibuka upande wa pili, Akinyi anacheka huku anatema maji. Nikaketi kwenye nyasi na nguo zangu za kazi.

Tulipoingia kwenye gari, kabla sijajua ninachofanya, nikamshika mkono nikamkwaruza. Mstari ukatokea, mweupe kabisa.

"Mama, unafanya nini?" akauliza, akiuvuta mkono wake.

Enzi zetu mstari ule ulimaanisha fimbo, nami nilimchukia mama kwa sababu yake. Leo ndipo nimekumbuka kwamba kila alipouona, alivuta pumzi kwanza, ndipo akaifuata fimbo. Mstari ulimwambia pia kwamba mtoto amerudi. Ouma hakurudi kukwaruzwa jioni ile. Wanetu wana bwawa, kocha na filimbi, na bado wananuna. Sisi tulikuwa na ukucha wa mama tu, na haukutosha.

Nikampigia mama simu hapo hapo, gari bado halijaondoka.

"Mama, Akinyi ameogelea," nikamwambia. "Nimemkwaruza. Mstari umetokea."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Basi mpake mafuta," akasema.