Nilingoja Kwanza Nipate Meno

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Tulikuwa tunapura mbaazi uani kwetu, kule Mutuka, mimi na wanawake wawili wa jirani, pamoja na shemeji yangu Damiano. Damiano alikuwa mtu wa maneno. Akasema kaka yake Paskali, yaani mume wangu, akicheza ngoma anafanana na bata aliyekanyaga majivu ya moto. Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao, maana nilikuwa na meno mazuri na kicheko kilikuwa kinanijia chenyewe.

Paskali naye alicheka. Hilo ndilo nataka ulishike. Alicheka nasi mpaka watu wakaenda kwao, kisha akafunga mlango wa ua, akachukua mpini wa jembe.

Meno matatu ya mbele, ya juu, yaling'oka pale pale. Mama mkwe wangu alikuwa jikoni. Alitoka na maji ya uvuguvugu akaniosha polepole kama anavyooshwa mtoto mchanga, na mpaka leo sijui nimweke wapi mama yule, kwa sababu mkono ulioniosha ndio huo huo ulionifunga mdomo.

"Utasema ng'ombe," aliniambia. "Ulikuwa unakamua, akarusha teke. Umesikia, Emiliana? Nyumba haijengwi kwa kusemasema."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wangu. Baba yangu alinipa nilipoolewa, akamswaga kwa miguu kutoka kwetu Dareda. Tulimwita Asali. Alikuwa mpole hivi kwamba watoto walikuwa wanamwegemea ubavuni wakati anacheua.

Kesho yake akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Leonsi. Akautazama mdomo wangu ulivyovimba, akautazama mpini uliokuwa umeegeshwa ukutani, wala haujafutwa vizuri. Akasema, "Pole, mama. Ng'ombe wa siku hizi wana hasira." Kisha akakaa na Paskali wakanywa chai. Meno ya mbwa hayaumani, mwanangu. Nawataja kwa majina kwa sababu wao hawakuona haya kumtaja ng'ombe.

Ili uongo upate miguu, Paskali alimpeleka Asali mnadani. Alisema mnyama mkorofi hafugwi kwenye nyumba yenye watoto. Majirani wakamsifu kwa kumjali mkewe.

Hayo yote ningeyasahau. Lisilosahaulika ni baba.

Habari ilimfikia kule Dareda, akashuka akiwa anaswaga ndama jike. Hakuingia ndani. Alisimama uani, kofia mkononi, akamwambia Paskali, "Mkwe wangu, nisamehe. Nilikupa mnyama mbaya, akamharibu mkeo. Pokea huyu badala yake."

Paskali akapokea. Akasema, "Yamekwisha, baba. Mnyama ni mnyama."

Baba akanigeukia. "Ni yule Asali kweli, mwanangu? Mimi nimemlea yule."

Mimi nikajifunika mdomo kwa ncha ya khanga, nikaitikia kwa kichwa.

Alirudi kwake akauza ukoo wote wa Asali, mama yake na ndugu zake, kwa sababu alidhani damu ile ni mbaya. Tangu hapo kila nilipokwenda kumsalimia Krismasi alinitazama mdomo, akaniambia tena, "Nisamehe, Emiliana." Mzee wa watu, akiniomba msamaha mimi.

Utauliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa kaka zangu wangekuja na fimbo, damu ikamwagika. Baadaye niliogopa aibu ya baba, maana kumwambia kweli ni kumwambia kwamba alisimama mbele ya muuaji wa kicheko changu, kofia mkononi, akamlipa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa ndefu, na niliitembea peku.

Niliondoka kwa Paskali alipoleta mwanamke mwingine, nikahamia Bagara, nikapanga chumba, nikauza maharage na mbaazi sokoni. Huko nikatengenezewa meno ya kuvaa, yale ya plastiki ya kuvua na kuosha. Nikiimba kanisani yanateleza. Basi nikawa naimba nusu mdomo, mwishowe nikaacha kwaya.

Binti yangu Yasinta alipopata kazi Arusha alisema, "Mama, sasa basi. Kuna meno ya kupandikiza. Hayavuliwi, unatafuna nayo mpaka unazikwa." Akanipeleka kwa daktari wa meno huko huko. Daktari alikuwa kijana mpole, akanieleza bila haraka, maana mimi nimeishia darasa la nne. Wanatoboa mfupa wa taya, wanaingiza skrubu ndogo ya chuma, wanafunga fizi. Halafu unasubiri miezi kadhaa mfupa uikumbatie ile skrubu. Ikishashika ndipo wanapachika jino juu yake.

Akaipiga taya yangu picha, akaitazama kwa muda. "Haya meno yalitokaje, mama?"

Yasinta akanijibia, tena anacheka, maana hadithi ile alikua nayo tangu utotoni. "Ng'ombe, daktari. Alimpiga teke la mcheza karate."

Daktari hakucheka. "Hapa mfupa ulivunjika, ukajiunga vibaya. Siulizi kwa ajili ya polisi. Skrubu inashikwa na mfupa, kwa hiyo nataka kujua mfupa uliumizwa vipi na mara ngapi."

Sijui ni kwa nini pale. Labda kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kana kwamba jibu lina kazi. Nikasema, "Ni baba yake huyu. Kwa mpini wa jembe. Mara moja hiyo; nyingine zilikuwa za mwilini."

Tulipotoka nje Yasinta akauliza, "Babu anajua?"

"Hajui."

"Mpigie sasa hivi, mama. Simu hii hapa."

"Hapana. Nitakwenda mwenyewe nikishapata meno. Nataka anione mzima, ndipo nimwambie. Akiniona na pengo hili na neno lile kwa pamoja, litamvunja."

Yasinta akasema, "Babu hahitaji meno yako. Anahitaji kuambiwa."

Mtoto ndiye aliyekuwa mzee siku ile. Mimi nikamwona ana papara. Kawia ufike, nikamwambia.

Skrubu ziliwekwa, na yale meno ya plastiki nikaambiwa nisiyavae kwanza. Nikakaa Bagara nasubiri mfupa, nakula uji na ndizi za kupondwa, narudia moyoni maneno nitakayomwambia baba, nitaanzia wapi, nitamshika mkono gani. Siku moja akanipigia mwenyewe.

"Mdomo umepona?"

"Bado, baba. Mfupa haujashika vizuri."

"Haya. Ukishika uje. Kuna ndama nimekuwekea hapa. Huyu ni mpole, nimemjaribu mwenyewe."

Neno lilikuwa hapa, mwanangu, hapa kwenye ulimi. Nikasema, "Asante, baba. Nitakuja."

Kifua kikambana wiki ile ile. Walimkimbiza hospitali, akafia njiani.

Siku ya mazishi Paskali alikuja. Alikaa kwenye viti vya wakwe, kiatu kimepigwa rangi, na ilipofika zamu ya salamu akapewa kipaza sauti. Akasema marehemu alikuwa mtu wa haki. Akasema, "Ng'ombe wake aliponiumizia mke, alikuja mwenyewe kunilipa. Wazee wa namna hiyo wamekwisha."

Nilikuwa nimekaa na wanawake mkekani. Nikasimama na pengo langu.

"Paskali, hakuna ng'ombe aliyeniumiza. Ulinipiga wewe. Mama yako alinifundisha la kusema, Mzee Leonsi akaona akanyamaza, na mimi nikaitikia. Baba yangu alikulipa kwa kosa lako."

Maneno yalikuwa yanatoka na upepo kwenye pengo, mengine hayakunyooka, lakini hakuna aliyeuliza nimesema nini. Mzee mmoja wa ukoo akasema kwa sauti ya chini, "Mama Yasinta, tumzike mzee kwanza. Hayo yana siku yake."

"Yalikuwa na siku yake, baba," nikamjibu. "Imepita."

Kaka yangu mkubwa akamwendea Paskali, akamnyang'anya kipaza sauti, akamwonyesha njia. Paskali akaenda zake. Uwanja mzima ulisikia siku ile. Aliyestahili kusikia alikuwa ndani ya sanduku, kifuniko kimepigwa misumari.

Meno yalipachikwa baadaye. Ni mazuri, siwezi kumnyima daktari haki yake. Natafuna mahindi ya kuchoma, na wenzangu sokoni wanasema nimerudia usichana. Nacheka nao. Lakini mtu niliyetaka ayaone hayupo, na neno nililomtunzia limebaki kwangu, na ni zito kuliko lilivyokuwa.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kuweka meno. Ukiwa na uwezo, weka, mdomo ni mali. Ila usingoje kupendeza ndipo useme kweli. Mdomo wenye pengo unaisema vilevile. Mtu akikuumiza, usikubali akuchagulie na maneno ya kueleza jeraha lako, hata akiwa anakuosha damu kwa upole. Na kama yupo mzazi wako anayebeba kosa lisilo lake kwa sababu ya kunyamaza kwako, mtue mzigo huo leo, ukiwa hivyo hivyo ulivyo. Neno hilo litamuuma, ndiyo. Lakini atalia akiwa nawe, na utakuwa na mkono wa kushika. Wewe jirani nawe, ukiona mpini ukutani, usimtaje ng'ombe.

Mungu akupe kicheko ambacho hakuna wa kukulipiza, mwanangu. Akutunzie wazee wako wawe hai mpaka uwe umewaambia yote. Mimi nakubariki kwa mdomo huu, ule wa zamani na huu mpya.