Kichanga kwenye Boti ya Doria

Thoại alikuwa mkalimani kwenye boti ya polisi wa jeshi la Marekani, iliyokagua mitumbwi katika Mto Saigon wakati wa vita. Asubuhi moja ya ukungu walisimamisha mtumbwi wa mwanamke aliyejifunika mkeka.

"Funua!" Thoại aliamuru.

"Kaka, nikifunua utaona haya. Najifungua!"

Walimpandisha, wakazima injini. Boti ikaelea polepole kati ya magugumaji, kana kwamba mto umesinzia na vita ni ndoto ya mtu mwingine. Kichanga kilipolia, askari aliyeshika bunduki naye akaangua kilio.

Mama akacheka kwa uchovu. "Mwambie mzungu wako anyamaze, mtoto ni wangu."

Thoại alitafsiri, machozi yakimlengalenga.