Masufuria ya Msiba Nyuma ya Mlango Uliogoma
Kazi yangu ni kuwafungulia watu milango nikiwa mbali nayo. Stoo za kukodisha ziko Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na mimi nakaa Olmotonyi, ambako asubuhi nyingine ukungu unaficha hata banda la ng'ombe la jirani. Kila stoo ina kufuli la namba. Mpangaji akikosea namba yake ya siri mara tatu, kufuli linagoma, naye ananipigia. Namtazama kwenye kamera, nikiridhika kuwa ndiye mwenyewe, nabonyeza simu yangu na mlango unafunguka.

Wengi hupiga wakiwa wameshakasirika. Nimetukanwa na watu ambao Jumapili wananipa mkono nje ya kanisa, maana hawajui sauti ile ni yangu.

Jumamosi moja alipiga mama mmoja, mpishi wa shughuli, ambaye anaweka kwetu masufuria yake makubwa ya harusi na misiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mlango umenikataa. Namba nimeichanganya, sasa hausikii kitu. Na kuna msiba Engutoto, tunazika saa nane, kuni zimeshawashwa."

Nilitaka kumtumia namba mpya, lakini mfumo huituma kwenye laini aliyojiandikisha nayo mpangaji, na laini yake ilikuwa imeibwa pamoja na simu wiki ileile. Alikuwa anaongea kwa simu ya dereva wa kirikuu, kigari cha mizigo alichokodi. Kitambulisho alikiacha nyumbani. Kwenye kamera, kwa manyunyu ya asubuhi ile, niliona mwanamke aliyejitanda kitenge kichwani. Angeweza kuwa yeyote.

"Mama, siwezi kufungua bila kuhakikisha ni wewe," nikamwambia, nikajiandaa kwa matusi.

"Sawa. Utahakikishaje?"

Hakuna mpangaji aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza kuwa ninazo picha tulizopiga siku alipoingiza vyombo, basi anitajie vilivyomo.

"Ukiingia, kulia, masufuria sita yamepandana. La juu mkono wake mmoja nimeufunga waya mwekundu. Kushoto kuna mawili yameandikwa kwa rangi nyeupe. Hayo si yangu, ni ya akina mama wa jumuiya, mimi nayatunza tu."

Nikaikuza picha. Waya mwekundu huu hapa. Maandishi meupe haya hapa. Nikamuuliza pia mtu wa karibu aliyemwandika kwenye fomu.

"Wifi yangu. Anauza mbegu sokoni."

Nikabonyeza. Nilimwona akiingia, kisha yeye na dereva wakitoka wameshika sufuria huku na huku, mwendo wa haraka lakini bila papara. Walipomaliza akaurudisha mlango, akauvuta mara mbili, akanipigia tena.

"Nimefunga. Tazama na kwako huko kama umefungika."

"Umefungika mama. Unisamehe, nimekuchelewesha."

"Usiniombe radhi. Ungenifungulia upesi upesi, Jumatatu ningehamisha vyombo vyangu. Ila mwanangu, ukimwambia mtu huwezi, mwambie papo hapo na unachoweza."

Alasiri alipiga kwa simu ya mtu mwingine. Wamezika, na watu wamekula, hata waliochelewa.

Jumatatu alikuja na kitambulisho na laini mpya, nami nikashuka Sakina kwa makusudi, ingawa ningeweza kumsajili kwa simu. Nilitaka kumwona. Nilikuwa nimekaa na ile siku kichwani: mtu ana msiba, ana moto unaomsubiri, amefungiwa nje ya mali yake mwenyewe, na bado anapata nafasi ya kutenganisha chake na cha wenzake kabla hajaulizwa. Mimi nisingeweza.

Siku hizi mtu akipiga naanza na kile ninachoweza. Matusi bado yapo, lakini yamepungua. Mama yule, Jumatatu ile alipomaliza kuweka sahihi, aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaniuliza kama nimekula.